Ghorofa ya kwanza iko wapi? Maneno ya Kiingereza ya nyumba na vilivyomo

Mwambie Mwingereza na Mmarekani wakusubiri "first floor" ya jengo moja, na kila mmoja atakwenda kwake. Mwingereza atapanda ngazi. Mmarekani ataingia mlangoni na kusimama palepale chini. Wote wawili wamekusikia vizuri, wote wamezaliwa ndani ya lugha hiyo, na hakuna aliyekosea.

Mkanganyiko wa aina hii huwapata wasemaji wa Kiswahili kila wanaposoma tangazo la nyumba ya kupanga ng'ambo, wanapoagiza samani mtandaoni, wanapojaza orodha ya vitu vya kuhamisha au kutafsiri mkataba. Maneno yenyewe si magumu. Ni yale tuliyofundishwa shule ya msingi: "door" ni mlango, "window" ni dirisha, "table" ni meza. Shida inaanzia kwenye ile orodha ya safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, inayomwaminisha mwanafunzi kwamba kila neno lina pacha wake upande wa pili. Kwa mlango na dirisha, sawa. Ukifika kwenye kabati, kioo, ngazi, jiko na sakafu, humkuti pacha. Unaukuta ukoo mzima.

Mimi naona msamiati huu hufunguka haraka zaidi mtu akijua maswali ambayo Kiingereza huuliza kabla ya kukipa kitu jina. Si mengi. Kitu kiko ndani au nje? Kimefungamana na jengo au kinabebeka? Kazi yake hasa ni ipi? Na la mwisho, ambalo walimu wengi hulisahau: anayesema ametoka upande gani wa Atlantiki?

Fanicha isiyohesabika

Tuanze na majina ya jumla, maana yakishakaa vizuri mengine yanafuata. "Furniture" ni vitu vikubwa vya nyumbani vinavyohamishika: vitanda, meza, viti, makabati. Kwa Kiingereza neno hili halihesabiki, linachukuliwa kama maji au mchanga. Hakuna "furnitures", wala "a furniture". Kitu kimoja ni "a piece of furniture". Kosa la kuongeza ile "s" linaeleweka linakotoka. Kiswahili kilipolipokea neno kilisema fanicha hii, fanicha hizi, na wingi ukajileta wenyewe. Ukirudi kwenye Kiingereza unatamani kurudi na wingi wako.

"Furnishings" ni pana zaidi, na hili lina "s" daima. Linabeba fanicha pamoja na mapazia, mazulia, mito na mapambo yanayoifanya nyumba ikalike. Waingereza husema "soft furnishings" kwa vile vya kitambaa. "Appliances" ni mitambo ya nyumbani inayotumia umeme au gesi, kama jokofu, mashine ya kufulia na jiko la kisasa. Ile mikubwa Mwingereza huiita "white goods", yaani bidhaa nyeupe, hata kama jokofu lake ni jeusi tititi. Yamebaki "fixtures" na "fittings". Haya nitayarudia mwishoni, kwa sababu yana pesa ndani yake.

Juu, chini, ndani, nje

Kiswahili kinasema "ameanguka chini" na biashara inaisha. Kiingereza kinataka kujua: chini ya ndani au ya nje? Ndani ya nyumba ni "floor", nje ni "ground". Mtoto aliyeanguka sebuleni yuko "on the floor". Aliyeanguka kutoka mwembeni yuko "on the ground". Ukibadilisha, msikilizaji atakuelewa, ila atakuwa ameshamhamisha mtoto.

Juu ya kichwa nako hali ni hiyohiyo. "Ceiling" ni uso unaouona ukiwa ndani ukiinua macho, dari. "Roof" ni kifuniko cha nje kinachopigwa na mvua, paa. Bomba likipasuka katika nyumba iliyo juu yako, maji yanakudondokea kutoka kwenye "ceiling". "Roof" haihusiki kabisa, huenda iko ghorofa sita juu yako. Na zege lilelile linaloitwa "ceiling" na aliye chini, aliye juu analiita "floor". Atakayejichanganya hapa asijilaumu sana. Neno letu sakafu limetoka Kiarabu, na huko hutaja kile kilicho juu ya kichwa.

Nafasi iliyo kati ya dari na paa, pale tunaposema darini, ni "attic", au "loft" kwa Mwingereza. Tahadhari: Mmarekani akisema anaishi kwenye "loft", hajajificha na popo. Kwake hiyo ni nyumba pana isiyo na kuta nyingi za ndani, mara nyingi katika kiwanda au ghala la zamani lililogeuzwa makazi. Chini ya ardhi kuna "basement", ghorofa inayoweza kukaliwa na watu, na "cellar", ambayo kwa kawaida ni ya kuhifadhia vitu tu.

Sasa turudi kwa wale wawili tuliowaacha wakisubiriana. Uingereza, Ireland, Australia, India na nchi nyingi za Ulaya, ghorofa iliyo sawa na barabara huitwa "ground floor", na hesabu huanza ukipanda ngazi. Kwa hiyo "first floor" ni ya pili kutoka chini. Marekani, na mara nyingi Kanada, ile ya chini kabisa ndiyo "first floor". China, Japani na Urusi nazo huanza kuhesabu moja pale chini. Hivyo nyumba iliyoandikwa "third floor" ina ngazi za ghorofa tatu kule London, lakini mbili tu kule Chicago. Kama jengo halina lifti na una godoro mgongoni, tofauti hiyo si ya kitaaluma tena.

Vitufe vya lifti husaidia ukivijua. Herufi G ni "ground", na mahali pengine huandikwa 0. B ni "basement". M ni "mezzanine", ghorofa nusu iliyobanwa kati ya mbili. L kwa kawaida ni "lobby", ukumbi wa kuingilia, ingawa katika maduka makubwa LG huwa ni "lower ground", yaani chini ya ile ya chini. Marekani, ghorofa yenye mlango mkuu wa kutokea huwekewa alama ya nyota kando ya kitufe, na hilo ni hitaji la kanuni za huduma kwa watu wenye ulemavu. Katika majengo mengine namba 13 haipo kabisa, na Asia ya Mashariki namba 4 nayo mara nyingi hurukwa. Ghorofa yenyewe ipo, imenyimwa namba tu.

Lipo neno moja linaloepuka ugomvi huu wote: "storey", ambalo Wamarekani huliandika "story". Hili halitaji ghorofa fulani, linahesabu ghorofa zote za jengo kuanzia ile iliyo sawa na ardhi. "Three-storey building" ni jengo lenye tabaka tatu, la chini likihesabiwa, London na Chicago. Mtafsiri aangalie anapolileta kwetu, kwa kuwa Kiswahili nacho kina utata wake. Ukisema "nyumba ya ghorofa moja", wengi wanaona nyumba yenye chini na juu, wengine wanaona nyumba isiyopanda kabisa. Kama mkataba unategemea jambo hilo, andika "yenye chini na ghorofa moja juu yake". Maneno yanaongezeka, kesi zinapungua.

Kabati lilipotawanyika

Hakuna neno linalowapa watafsiri tabu kama kabati. Kwetu ni chombo chochote chenye mlango na rafu ndani. Kwa Kiingereza inategemea kimebeba nini, kimesimama wapi na kama kinaweza kubebwa.

"Cupboard" ndilo la jumla kwa Mwingereza: la jikoni, la chini ya ngazi, la kuhifadhia mashuka. Maana yake ya asili ni ubao wa vikombe, na kweli hapo kale lilikuwa ubao au meza ya kuwekea vikombe, bila mlango wowote. Siku hizo "board" lilimaanisha meza, ndiyo maana wakurugenzi wa kampuni wanaokaa kuizunguka wanaitwa "board" mpaka leo, na "bed and board" ni malazi na chakula. Ukilitamka, iache ile "p". Aliyeliingiza kwenye Kiswahili kama kabati alisikiliza kwa makini kuliko wanaolisoma herufi kwa herufi.

Kabati la kutundikia nguo ni "wardrobe". Mmarekani yeye nguo zake anaziweka kwenye "closet", ambayo ni nafasi iliyojengwa ndani ya ukuta na kuwekewa mlango. Hilo si fanicha, ni sehemu ya jengo. Ukihama nyumba ya Marekani huchukui "closet", ukihama nyumba ya Uingereza huenda ukabeba "wardrobe" yako. Ikipanuka mtu akaweza kuingia ndani na kuvaa humo, ni "walk-in closet". Mwingereza ana neno hilo pia, lakini limejificha kwenye herufi mbili zilizobandikwa milangoni: WC, yaani "water closet". Ukimuuliza mzee wa Kiingereza "closet" iko wapi ili utundike koti, usishangae akisita.

"Cabinet" huko Marekani ndiyo makabati ya jikoni. Uingereza hutumika zaidi kwa la vioo la kuonyeshea vyombo, la dawa bafuni, au la mafaili ofisini. Zamani lilikuwa chumba kidogo cha faragha, na watawala walikutana humo na washauri wao wa karibu. Chumba kikasahaulika, jina likabaki kwa watu. Hivyo ndivyo baraza la mawaziri lilivyopata jina lake la Kiingereza.

Lenye droo tupu, bila milango, ni "chest of drawers". Hapa Wamarekani husema "dresser", na wengine "bureau". Mwingereza akisikia "dresser" anaona kabati refu la jikoni au la chumba cha kulia, chini milango, juu rafu za kupangia sahani. Akisikia "bureau" anaona meza ya kuandikia yenye mfuniko na vidroo. Maneno mawili, bahari moja, vitu vitatu. Na droo moja iite "drawer" bila woga, lakini "drawers" ikisimama peke yake kwenye maandishi ya kizamani inaweza kuwa nguo ya ndani.

Mengine ni mepesi. "Sideboard" ni kabati fupi na refu kwa upana, la chumba cha kulia. "Bookcase" ni la vitabu, na "shelf" ni ubao mmoja tu wa rafu. "Pantry" au "larder" ni kijichumba au kabati la chakula. Neno letu stoo limtie mtu tahadhari: kwa Mmarekani "store" ni duka. Chumba cha kuhifadhia ni "storeroom" au "storage room".

Neno moja letu, manne yao

Kioo ni mfano mzuri kuliko yote. Malighafi ni "glass". Kipande kilichowekwa dirishani ni "pane". Kinachokurudishia sura ni "mirror". Cha simu ni "screen". Ukisema "the mirror of the window is broken", fundi atatafuta kioo cha kujitazamia kilichotundikwa karibu na dirisha.

Ngazi nazo: zile zilizojengwa ni "stairs", na zikihesabiwa pamoja na kingo zake ni "staircase". Ile ya kubeba begani, ya kuegemeza ukutani, ni "ladder". Daraja moja moja la kukanyagia ni "step". Uwanda mdogo pale ngazi zinapogeuka ni "landing", na mhimili wa kushika ni "handrail" au "banister". Mwenye nyumba akikuandikia kwamba "stairs" zimeharibika, usimpelekee ngazi ya aluminiamu.

Jiko ndilo linaloleta kicheko. Chumba ni "kitchen". Mtambo wa kupikia ni "cooker" kwa Mwingereza, "stove" au "range" kwa Mmarekani. Sehemu ya juu yenye mafiga ya gesi au umeme ni "hob" Uingereza na "cooktop" Marekani, na sanduku la kuokea ni "oven". Anayepika ni "cook". Sasa mtu anaandika kwa upendo wote kwamba mama yake ni "a very good cooker", na mama anageuka kuwa mtambo. Kanuni ya kuongeza "er" ili kupata mtendaji, ile iliyotupa "teacher" na "driver", hapa imevunjika. Ndivyo lugha ilivyoamua.

Mto wa kitandani ni "pillow", wa kwenye kochi ni "cushion". Zulia lililofungwa ukuta hadi ukuta ni "carpet", linalotandikwa na kukunjwa ni "rug", na kidogo cha mlangoni ni "mat". Meza ya kulia au ya kuwekea vitu ni "table", ya kufanyia kazi ni "desk". Taa inayosimama au kukaa mezani ni "lamp", mwanga wa darini ni "light", na balbu yenyewe inayoungua ni "bulb".

Kwenye viti, "chair" ina mgongo, "stool" haina, "bench" ni ya watu kadhaa, "armchair" ina mikono na kwa kawaida ina sponji. Kuna kijambo cha sarufi hapa ambacho vitabu vya shule hukipita haraka: unakaa "on" kiti cha kawaida, stuli au sofa, lakini unakaa "in" "armchair", kwa sababu inakukumbatia. "Sofa", "couch" na "settee" zote ni kochi la watu wawili na zaidi. Ile imani kwamba sofa ni la ngozi na la bei, na "couch" ni la kawaida, haina msingi. Ni tofauti ya mazoea ya msemaji. Wamarekani hupenda "couch", "settee" inasikika zaidi Uingereza, na "sofa", lenye asili ya Kiarabu, linaeleweka kote. Seti ya kochi moja na viti viwili vinavyofanana nalo Mwingereza huiita "three-piece suite". "Suite" hutamkwa kama "swiit", si kama suti ya kuvaa.

Asije mtu akahitimisha kwamba Kiingereza ni tajiri na Kiswahili ni maskini. Tazama paa la miti. Sisi tuna boriti, fito, pau, kombamoyo, na mti unaolala juu ya ukuta ambao wahenga waliuita mtambaapanya kwa kuwa ndiyo barabara ya panya. Mzungumzaji wa kawaida wa Kiingereza ataviita vyote "beams" na kuondoka. Fundi wake ndiye atakayesema "rafter" kwa kombamoyo na "wall plate" kwa mtambaapanya, na hiyo "plate" si sahani. Kizingiti chetu kiko juu na chini ya mlango. Kwao cha juu ni "lintel", cha chini ni "threshold", na cha chini ya dirisha ni "sill". Kila lugha imegawa pale ilipokuwa na haja ya kugawa.

Atlantiki na choo

Tofauti nyingi za Uingereza na Marekani ni za jina tu, kitu ni kilekile. Bomba la kufungulia maji ni "tap" kwa mmoja, "faucet" kwa mwingine. Lifti ni "lift" na "elevator". Tundu la umeme ukutani ni "socket" na "outlet". Ubao unaozunguka chini ya ukuta ni "skirting board" na "baseboard". Nyumba ndani ya jengo la ghorofa ni "flat" na "apartment". Wapo wanaofundisha kwamba la Kiingereza ndilo sahihi na la Kimarekani ni la mtaani. Si kweli. "Faucet" lilikuwamo ndani ya Kiingereza tangu Zama za Kati, kabla Marekani haijawa nchi. Wamarekani walilihifadhi, Waingereza wakaliacha. Chagua upande mmoja, andika wote kwa upande huo, yatosha.

Chooni tofauti inakuwa ya adabu. Mmarekani nyumbani huuliza "bathroom", hata kama humo hamna bafu, na hadharani huuliza "restroom", ingawa hakuna anayekwenda kupumzika. Mkanada husema "washroom". Mwingereza husema "toilet" au "loo". Kwa Wamarekani wengi "toilet" ni lile bakuli lenyewe, kwa hiyo kuuliza "where is the toilet?" kunawasikikia kama kutaja kitu waziwazi mno. Lakini "toilet" lenyewe lilianza kama tafsida: ni neno la Kifaransa lililotokana na kitambaa kidogo, likapitia meza ya kujipambia, likaishia chooni. Tafsida huchakaa, watu wakatafuta nyingine.

Waingereza nao wana unyeti wao, wa kitabaka. Mwaka 1954 mwanaisimu Alan Ross wa Chuo Kikuu cha Birmingham alichapisha makala katika jarida la Finland akionyesha kwamba tabaka la juu la Uingereza lilijitambulisha kwa maneno. Wao walisema "lavatory-paper" pale wengine waliposema "toilet-paper", na "looking-glass" badala ya "mirror". Mgeni hana haja ya kuyabeba hayo. Sema "toilet" Uingereza, "bathroom" au "restroom" Marekani, utaelekezwa.

Tangazo la nyumba, kisha mkataba

Kwenye matangazo, "2 bed flat" haina vitanda viwili. Ina vyumba viwili vya kulala, na huenda haina kitanda hata kimoja. "Reception room" katika tangazo la Uingereza si mapokezi, ni sebule au chumba cha kulia. "En suite" ni chumba cha kulala chenye bafu lake. "Studio" ni chumba kimoja cha kulala na kukaa, chenye jiko lake na bafu lake, lakini "bedsit" mara nyingi hushirikiana bafu na wapangaji wengine. "Box room" ni kachumba kadogo sana, nasi tusikapambe. Tangazo la Marekani likisema "2.5 baths", ile nusu ni choo na beseni la kunawia bila pa kuogea. "Bungalow" ni nyumba isiyo na ghorofa. Jina lilitoka India, likimaanisha nyumba ya mtindo wa Bengal.

Sasa yale mawili niliyoyaahirisha. "Fixture" ni kitu kilichofungamana na jengo kiasi kwamba sheria inakihesabu kuwa ni jengo. Nyumba ikiuzwa, kinakwenda nayo. "Fitting", katika maneno ya wauzaji nyumba wa Uingereza, ni kitu ambacho kiko ndani lakini kinabaki mali ya aliyekileta. Watu wengi hudhani kipimo ni msumari: kilichopigiliwa ni "fixture", kisichopigiliwa si "fixture". Mahakama za Uingereza hazikuishia hapo. Katika kesi ya Holland v Hodgson ya mwaka 1872, iliyohusu mashine za kufumia nguo zilizopigiliwa sakafuni kiwandani, Jaji Blackburn alitazama mambo mawili: kitu kimeshikamana kiasi gani, na kiliwekwa kwa kusudi gani. Akatoa mfano wa mawe. Yakipangwa moja juu ya jingine bila chokaa ili yawe ukuta wa shamba, yamekuwa sehemu ya ardhi. Mawe yaleyale yakipangwa vilevile kwenye yadi ya fundi ili yasichukue nafasi, yanabaki mawe ya fundi.

Kesi ya Botham dhidi ya benki ya TSB, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1996, ndiyo inayowashangaza wengi. Mabomba na vifaa vya bafuni, pamoja na makabati ya jikoni yaliyofungwa, vilikuwa "fixtures". Mazulia yaliyofungwa ukuta hadi ukuta hayakuwa. Mapazia hayakuwa. Taa hazikuwa, wala jokofu na mashine ya kufulia. Zulia limepigiliwa, ndiyo, lakini limepigiliwa ili litumike vizuri kama zulia, na kuling'oa hakuharibu nyumba. Na ona jinsi lugha ya kila siku inavyozidi kuchanganya: taa hizo zinaitwa "light fittings" zikiwa zimekazwa kwa skrubu, na zulia linaitwa "fitted carpet". Kwa sababu hiyo wauzaji wa nyumba Uingereza hujaza fomu iitwayo TA10, inayopita chumba kwa chumba na kuuliza kama fimbo ya pazia inabaki au inaondoka. Inaonekana ni uchunguzi wa kupita kiasi mpaka usikie ugomvi wa mnunuzi aliyekuta hata balbu zimefunguliwa.

Kwa mpangaji maneno ni mengine kidogo. "Unfurnished" haimaanishi tupu kabisa, mara nyingi makabati ya jikoni na jiko huwamo. "Furnished" ina fanicha za kutosha mtu kuhamia na begi lake. "Part-furnished" haina maana moja. Inaweza kuwa mapazia na jokofu, inaweza kuwa kila kitu isipokuwa kitanda. Neno hilo usiliamini peke yake, dai "inventory", yaani orodha ya vilivyomo na hali yake, iliyotiwa saini siku ya kuingia. England na Wales, katika upangaji wa kawaida wa makazi, mwenye nyumba anatakiwa kuiweka amana ya mpangaji chini ya mpango ulioidhinishwa ndani ya siku 30, na mkigombana wakati wa kuondoka orodha hiyo ndiyo inayosomwa. Hapo ndipo "wardrobe" iliyoandikwa "cupboard" inapoweza kukugharimu, kwa sababu kitu kimoja kitaonekana kimepotea na kingine kimezidi.

Kwenye karatasi hizo utakutana pia na maneno "fair wear and tear", uchakavu wa kawaida wa matumizi. Zulia lililopauka mbele ya dirisha kwa miaka ya jua limo humo, na hulilipii. Lililounguzwa na pasi halimo.